Kompyuta Moja Iwatekee Nyingine



Vikundi vingine siku hizi vina chumba cha kompyuta, nane ama kumi, za vijana kujifunzia na za kuwekea hesabu za mikopo. Somo la leo ni lao. Tutaona jinsi ya kuweka seva, yaani kompyuta moja inayohudumia zile nyingine, ili programu za chumba kizima zisimamiwe kutoka mahali pamoja.

Tuanze na pesa. Programu huhitaji marekebisho kila mara. Tuseme ya mwezi huu ni megabaiti 500. Kompyuta kumi, kila moja ikivuta yake, ni megabaiti 5,000, na bando imekwisha kabla somo halijaanza. Ni kama kina mama kumi wa boma moja kwenda mtoni kila mmoja na mtungi wake, na tangi liko hapo nyumbani.

Kwa kuogopa gharama, wengi huzima marekebisho kabisa. Hapo ndipo pana hatari. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba tundu katika Windows. Mei mwaka huo huo, WannaCry ikapitia tundu lilo hilo, ikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 na kudai pesa. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imetoka miezi miwili mbele! Sasa daftari la mikopo likifungwa hivyo, nani atajua nani anadaiwa nini?

Haya, kazi yenyewe. Tutatumia Ubuntu ama Debian, maana hazilipiwi. Chagueni kompyuta moja yenye nafasi kwenye diski, muiunganishe na nyingine kwa waya kupitia swichi. Ipeni anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10. Anwani ikihamahama, nyingine zitaitafuta bure. Kwenye seva andikeni:

sudo apt install apt-cacher-ng

Programu hii huweka akiba. Kompyuta ya kwanza ikiomba kitu, seva hukivuta kutoka intaneti na kukihifadhi. Zile tisa hupewa kutoka akibani. Kisha kwenye kila kompyuta nyingine tengenezeni faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy yenye mstari huu mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Ile nukta-mkato ya mwisho watu husahau, halafu wanalaumu waya. Njia hii ni ya vyanzo vinavyoanza na http. Vya https vinahitaji mpango mwingine. Na seva iwe imewashwa wakati wote wa marekebisho.

Mkishazoea, ongezeni Ansible, programu iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Unaamuru mara moja kwenye seva, nayo inaingia kompyuta zote kwa njia ya SSH na kufanya kazi ile ile. Inapendeza sana, lakini kosa lako pia linafika kote kwa dakika moja. Kwa hivyo jaribuni kwanza kwenye kompyuta moja, tena ile isiyo na hesabu za kikundi. Ngojeni siku tatu nne. Ikitulia, pelekeni kwa zote. Kabla ya hapo, nakala ya daftari la mikopo iwe kwenye flashi, na flashi isilale chumba kimoja na kompyuta.

Kuna jambo moja watu huliona dogo. Sanduku la pesa la kikundi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu tofauti. Lakini neno la siri la seva mara nyingi liko kwa kijana mmoja tu, naye akipata kazi Nairobi, chumba kimefungwa. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha, likae ndani ya sanduku lilo hilo.

Ya kuzungumza kikundini:

Mwezi uliopita bando iligharimu pesa ngapi, na ilitumiwa na nini?

Neno la siri liko kwa nani sasa hivi?

Kompyuta gani itakuwa ya kujaribia?