Jicho la Mtoto na Bastola ya Upepo

Baba na mama wa Shituru,

Siku ya Mungu, kisha kula, watoto wanapanga makopo ya tomati juu ya ukuta wa lupango. Mmoja yuko na bastola mkononi. Anapiga, kopo linaanguka, wote wanacheka. Ukiuliza, utajibiwa: «Mama, haiko bunduki ya kweli. Iko ya kuchezea tu.»

Somo hili linataka kuonyesha kwamba jibu lile halitoshi. Ni kweli, kitu hiki hakina baruti. Lakini jicho haliulizi kama risasi ilisukumwa na baruti ao na upepo.

1. INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Bastola nyingine zinasukuma risasi kwa hewa iliyobanwa. Nyingine zinatumia kichupa cha gesi cha gramu 12. Ni gesi ileile inayotoa povu katika soda. Risasi yake mara nyingi ni kipira cha chuma chenye upana wa karibu milimita 4,5. Uzito wake ni karibu theluthi moja ya gramu. Wewe utasema: kitu kidogo hivi kitafanya nini? Bastola nyingi za gesi zinakitupa kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, ao zaidi. Ngozi ya mbele ya jicho, ile ngavu kama kioo, haifiki milimita moja. Kwa mwendo ule, kipira kinaweza kuitoboa na kubaki ndani.

Tena kipira cha chuma kikipiga tofali, jiwe ao bati gumu, kinaweza kurudi kwa yule aliyepiga ao kwa mdogo wake aliyesimama kando. Na kikikosa kopo, kinaruka kupita ukuta, mpaka kwa jirani anayeanika nguo.

2. WATU WENGINE WANAONA NINI?

Bastola hizi zimetengenezwa zifanane na za kweli. Wewe unajua ni ya kuchezea, lakini polisi ao askari hajui. Kule Cleveland, Marekani, tarehe 22 Novemba 2014, mtoto Tamir Rice wa miaka 12 alikuwa uwanjani na bastola ya kuchezea inayotupa vipira vya plastiki. Polisi alifika, akampiga risasi ya kweli mara moja. Mtoto alikufa siku iliyofuata. Basi usimwache mtoto atoke nayo barabarani, hata mara moja.

3. JICHO LIKIPIGWA, FANYA HIVI

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, na asidi ndiyo inayotoa shaba katika mawe yake. Kwa hiyo watu wa hapa wanajua sheria moja: asidi ikiruka machoni, osha mara moja kwa maji mengi, usingoje. Sheria ile ni nzuri kabisa. Lakini jicho la risasi si jicho la asidi. Jicho lililotoboka ukiliosha ao kulikamua, unaweza kuingiza uchafu ndani na kutoa nje yale yaliyomo.

– Usiloshe jicho. Usilisugue. Usilikandamize.
– Usijaribu kutoa risasi wewe mwenyewe.
– Usitie dawa ya majani, maziwa, wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani.
– Funika jicho kwa kitako cha kikombe safi cha karatasi. Kiegemee mifupa ya kuzunguka jicho, kisiguse jicho lenyewe.
– Mtoto akae, kichwa kikiwa juu. Asile, asinywe, maana pengine atapasuliwa. Usimpe aspirini, kwa sababu inazidisha kutoka damu.
– Mpeleke hospitali leo, si kesho. Mwambie munganga wazi kwamba ni risasi ya chuma. Uliza pia juu ya sindano ya pepopunda.

Mtoto atasema: «Haiumi tena, naona vizuri.» Usimwamini haraka. Tundu dogo linaweza kujifunga, na chuma kikabaki ndani. Chuma kile kinapata kutu na kuharibu pole pole sehemu inayoona. Na jicho lisilotoboka linaweza kujaa damu ndani, kisha kupata mtoto wa jicho ao presha ya jicho, hata kisha miaka mingi. Mara chache, jicho lililoumia linaleta ugonjwa hata katika jicho la pili lililokuwa zima.

4. KULINDA NI BORA

Kama bastola iko kwenu, mtu mzima aifungie, na risasi zikae mahali pengine. Mtoto asipige bila mkubwa kusimama karibu. Kila mmoja, hata anayetazama tu, avae miwani ya kazi isiyovunjika, kama ile ya kiwandani. Miwani ya jua haitoshi. Badala ya makopo juu ya ukuta, bandikeni karatasi juu ya sanduku lililojaa nguo kuukuu, na nyuma yake pawe na kilima cha udongo. Risasi za risasi, yaani za madini ile laini ya kijivu, zisiwekwe mdomoni. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Kisha mchezo, wote wanawe mikono.

Na manati? Jiwe la manati pia linapasua jicho. Sheria ni zilezile.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini jicho la asidi linaoshwa, na jicho la risasi halioshwi?
2. Mtoto akisema haiumi tena, utafanya nini?
3. Leo, bastola na manati za nyumba yenu ziko wapi?

Swali la tatu usilijibu kwa kinywa. Simama, uende kutazama.