Punda Dume katika Zizi la Shirika: Ahasiwe au Aachwe?

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye punda dume kijana, ambaye hana zizi lake peke yake. Wako wafugaji, watu wa nyumba nne au tano, ambao hukusanya punda wao mahali pamoja, huajiri mchungaji mmoja, na kila mtu hutoa sehemu yake ya mshahara na ya majani makavu. Shirika la namna hiyo ni jema, maana punda hapendi upweke, na gharama ya ulinzi hugawanyika. Lakini siku moja mwana-punda wa kiume hukua, na hapo ndipo maneno huanza. Wenye majike hulalamika. Mchungaji huomba aongezewe mshahara. Naye mwenye dume hujibu, "Mnyama wangu ni mzuri, kwa nini nimharibu?"

Swali hili halifai kuamuliwa kwa hasira, wala kuahirishwa mpaka mtu aumizwe. Soma mashauri haya pole pole, kisha ukae na wenzako mwamue.

1. Kwa nini dume hubadilika

Mwana-punda wa kiume huanza kuwa dume kamili kati ya umri wa mwaka 1 na miaka 2. Yule aliyekuwa akifuata watoto kama mbwa wa nyumbani sasa hulia usiku, huwafukuza wenzake penye maji, huuma shingo na miguu, na huwapanda majike. Usidhani kwamba amerogwa, au kwamba mchungaji amemfundisha ubaya. Hiyo ndiyo asili yake.

Punda wetu wametoka katika punda-mwitu wa kaskazini mashariki ya Afrika, katika nchi kavu yenye majani machache. Huko dume mkubwa hushika sehemu pana ya nchi kuwa yake, na majike huja na kwenda. Dume mwingine akishindwa, huondoka, nayo nafasi ya kuondokea ni kubwa. Katika zizi la hatua ishirini kwa ishirini anayeshindwa hana pa kwenda. Atapigwa na kuumwa mpaka mtu aje na fimbo. Wazee wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Walisema habari za ng'ombe, lakini neno hilo ni kweli kwa punda pia.

Basi fahamu neno hili kwanza: kosa si la mnyama, wala si la mwenye mnyama. Ni kwamba dume kamili ahitaji nafasi ambayo zizi la shirika halina.

2. Hasara ziwapatazo wenzako

Hasara ya kwanza ni majeraha. Punda aliyeumwa shingoni hawezi kuvaa hatamu wala kamba ya mkokoteni mpaka apone.

Hasara ya pili ni mimba zisizotakiwa. Jike kijana aweza kushika mimba kabla hajatimiza miaka 2, na mifupa yake bado haijakomaa. Afadhali asipandwe kabla ya kufikia miaka 3. Tena dume hachagui. Humpanda dada yake na mama yake, na wana wa damu moja mara nyingi huwa dhaifu.

Hasara ya tatu ni kazi iliyopotea. Mimba ya punda huchukua miezi 12, au zaidi kidogo. Katika miezi 3 ya mwisho jike hafai kubebeshwa mizigo mizito, na akiisha kuzaa apaswa kupumzishwa ili maziwa yamtoshe mwanawe. Fikiri habari za mama mjane mwenye punda mmoja tu, ambaye kila asubuhi huchota maji na kuyauza. Mimba asiyoitaka yaweza kumwondolea riziki yake kwa muda wa nusu mwaka. Dume lako halikumgharimu mwenye dume kitu. Limemgharimu mama yule chakula cha watoto wake. Jambo hili ndilo hasa lakupasa kulipima.

3. Je, kila dume ahasiwe?

La, hasha. Tukiwahasi wote, tutapata punda wapi? Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na mara nyingi hazai kila mwaka. Punda waliopungua hawaongezeki upesi kama mbuzi. Katika miaka hii tumeona ngozi za punda zikitafutwa sana ili kutengeneza dawa iitwayo ejiao, inayotumika nchini China, na wanyama wengi wakachinjwa au kuibwa. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kwa hiyo dume jema ni mali ya kijiji kizima, si ya kutupwa.

Lakini dume jema ni mmoja kati ya wengi. Kabla hujamwacha wako, jiulize maswali haya manne, ujibu kwa haki kana kwamba mnyama ni wa mtu mwingine:

(a) Je, mwili wake wafaa kurithiwa? Tazama miguu iwe imenyoka, mgongo uwe na nguvu, meno ya juu na ya chini yakutane vizuri, na tabia yake iwe ya utulivu. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka. Ambaye moja imebaki tumboni asifanywe dume la mbegu.

(b) Je, wenzako wanamtaka? Ikiwa hakuna mwenye jike aliyesema, "Nataka mtoto wa huyu," basi unamtunza kwa ajili ya nani?

(c) Je, majike ya zizi hilo si ndugu zake?

(d) Je, unalo zizi la pili, lenye ua imara na maji yake, na mtu mzima awezaye kumshika? Mtoto asipewe kazi ya kumchunga dume kamili.

Maswali yote manne yakijibiwa Ndiyo, mwache, lakini umtoe katika zizi la shirika na kumweka mahali pake, awe anawaona punda wengine ingawa hawafikii. Hata swali moja likijibiwa Hapana, ahasiwe.

4. Maneno ya wanaokataa

Wako wasemao, "Akihasiwa atapoteza nguvu." Sivyo. Nguvu ya kazi hutoka katika chakula, mifupa, mafunzo na kwato zilizotunzwa. Aliyehasiwa mapema hapungui kimo, naye hufanya kazi siku zote, kwa sababu hapigi kelele wala hakatai njia kila apitapo jike. Aweza kufungwa mkokoteni pamoja na jike pasipo matata.

Wengine husema, "Namhurumia." Huruma ni jambo jema, lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Dume asiyehasiwa katika zizi dogo hupigwa kila siku, hufungwa kamba fupi, na mwisho huuzwa kwa mtu asiyejulikana. Tendo moja, likifanywa vizuri kwa dawa ya ganzi, ni huruma kubwa kuliko hayo yote.

Wengine tena husema, "Nitangoja akue kwanza." Huko kungoja ndiko kuzidisha hatari. Dume mkubwa ana mishipa minene na damu yake hutoka kwa wingi. Tena aliyezoea kupanda majike huweza kubaki na mazoea hayo hata akiisha kuhasiwa.

5. Wakati ufaao

Umri mwema ni tangu miezi 6 hata miezi 18. Chagua majira ya baridi na ukavu, yasiyo na nzi wengi. Katika nchi zetu za juu miezi ya kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, hufaa sana. Usimhasi siku zile zile unazomwachisha maziwa, kwa maana mashaka mawili kwa mara moja ni mengi mno. Mnyama mgonjwa au aliyekonda angojewe mpaka apate afya.

6. Kazi yenyewe

Kazi hii si ya kisu cha nyumbani. Mtu ajuaye kuhasi mafahali asidhani kwamba anajua kuhasi punda. Koleo la kuponda mishipa, litumikalo kwa ng'ombe, halifai kwa punda, wala mpira wa kubana haufai. Punda hukatwa korodani, na mishipa yake ya damu ni mikubwa kwa kadiri ya mwili wake, hata yapasa kufungwa kwa uzi safi. Hata farasi hana hatari ya damu kama hiyo. Kwa hiyo mwite daktari wa mifugo. Atampa mnyama dawa ya kumlegeza na dawa ya ganzi, atahakikisha kwamba korodani zote mbili zipo, ndipo atakapokata. Asiyezikuta zote mbili asikate moja na kuiacha nyingine, maana mnyama atabaki dume kwa tabia, na watu watadanganyika.

Jambo lisilosahauliwa ni pepopunda. Neno lenyewe la Kiswahili limebeba jina la mnyama huyu, naye kweli hupatwa upesi na maradhi hayo. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi, na huingia kwa kidonda. Mnyama hukakamaa mwili, taya hufungwa, na wengi hufa. Mwulize daktari habari za chanjo kabla ya siku ya kuhasi. Kwa punda asiyechanjwa iko dawa nyingine ya kumkinga siku ile ile.

7. Utunzaji wa siku zifuatazo

Siku ile mnyama asimame mahali safi penye majani makavu, wala si juu ya samadi. Rafiki yake azoeaye kukaa naye awe karibu. Hesabu matone ya damu: yakidondoka polepole hata waweza kuyahesabu, mtazame tu. Yakitoka kama uzi usiokatika, hata huwezi kuhesabu, mwite daktari mara moja. Kitu cho chote kikining'inia kidondani usikivute wala usikikate. Kifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, mzuie mnyama asitembee, na upeleke habari mbio.

Tangu siku ya pili mtembeze asubuhi na jioni, ili uvimbe upungue na maji ya kidonda yatoke. Uvimbe kidogo katika siku za kwanza si ajabu. Lakini ukizidi, au kidonda kikinuka, au mnyama akichechemea kwa ukakamavu, usingoje.

Angalia sana chakula. Punda huficha maumivu yake. Hulia kidogo na kusimama kimya tu. Akikataa kula siku nzima, mafuta ya mwili wake huanza kuingia katika damu kwa wingi na kuharibu ini, na aweza kufa kwa hilo ingawa kidonda ni kizuri. Mpe majani mabichi ayapendayo, na umwite daktari.

Neno la mwisho katika sehemu hii: mbegu iliyobaki mwilini huweza kutia mimba hata baada ya kukatwa. Mtenge na majike kwa muda wa majuma 6.

8. Mapatano ya zizi

Shauri hili likiachiwa kila mtu peke yake, halitakwisha. Leo ni dume la huyu, mwakani la yule. Kwa hiyo yafaa watu wa zizi wakutane kabla ya neno kutokea, na kuandika katika daftari lao maagano machache:

Kila mwana-punda wa kiume azaliwaye au aletwaye zizini atahasiwa kabla ya miezi 18, au ataondolewa.

Dume la mbegu litachaguliwa na wote, litakaa mahali pake, na mwenye jike atampeleka kwa hiari yake mwenyewe.

Gharama ya daktari itachangwa na wote, kwa sababu faida ya utulivu ni ya wote. Wakiwapo madume mawili au matatu, wahasiwe siku moja, ili safari ya daktari ilipwe mara moja.

Pasipo mapatano, aliye mnyonge ndiye alipaye hasara ya mwenye nguvu. Palipo na mapatano, mwenye dume hapati aibu, kwa maana hakulazimishwa na jirani aliyekasirika. Ametimiza sheria aliyoiweka yeye pamoja na wenzake.

Basi, ewe mwenye dume, enenda zizini jioni ya leo, wakati punda wanaporudi. Simama uwatazame bila kusema neno. Tazama ni nani anayekunywa maji kwanza, ni nani anayesimama pembeni akiogopa, na ni jike la nani lenye alama za meno shingoni. Kisha jibu yale maswali manne, uwaite wenzako, na mpange siku.