Afya ya Mtu wa Kazi ni Amana kwa Mwajiri

Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini." Methali hii twawafundisha watoto wetu ili wapende kazi, na ni vema. Lakini ina sharti moja lisilotajwa, nalo ni kwamba mchumaji lazima afike kivulini akiwa mzima. Mtu aliyekatwa vidole na mashine, au aliyeharibika mapafu kwa vumbi la mawe, amechuma juani kweli, walakini hana tena nguvu za kula alichokichuma. Kwa hiyo somo letu lahusu wajibu wa mwajiri juu ya afya ya watu wake.

Msomaji asiseme, "Haya ni mambo ya wenye viwanda; mimi sina mtu niliyemwajiri." Mwajiri ni kila mtu amtumaye mwenzake kazi kwa ujira. Mkulima aitaye vibarua watatu kupalilia pamba, mwenye mashine ya kusaga, mwalimu mkuu mwenye mpishi wa shule, na kamati ya kijiji ichimbishayo kisima, wote hao ni waajiri. Kila mmoja amepewa nguvu za mwili wa mtu mwingine azitumie kwa muda, nazo ni amana. Jioni yampasa kuirudisha amana hiyo kama alivyoipokea asubuhi.

Hapo kale waganga wa Ulaya walipomwendea mgonjwa walimwuliza habari za maumivu yake, chakula chake na usingizi wake. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi. Alikuwa amewachungulia wachimba madini, wafinyanzi, wachonga mawe, hata mafundi wakaao kitako kutwa nzima, akaona ya kwamba kila kazi ina maradhi yake. Ndipo akawashauri waganga wenzake waongeze swali moja, yaani wamwulize mgonjwa afanya kazi gani. Swali hilo laulizwa na waganga hata leo. Lakini mganga huliuliza mtu akiisha kuugua. Mwajiri aweza kuliuliza kabla.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: iondoe hatari yenyewe kabla ya kumkinga mtu. Waajiri wengi hufanya kinyume. Humpa mtu kitambaa cha kufunga puani, wakadhani wamemaliza. Utaratibu ulio bora huanza kwa kuuliza kama hatari yaweza kuondolewa kabisa. Ikiwa haiwezekani, ibadilishwe kwa jambo lisilo na madhara makubwa. Tena izibwe au itengwe mbali na watu. Kisha mpango wa kazi ubadilishwe. Na mwisho ndipo mtu avishwe mipira ya mikononi, viatu au miwani. Tuitazame kanuni hii katika kazi tuzijuazo.

Kwanza, kisima. Aghalabu wachimbaji wakiyakuta maji, injini ya pampu huteremshwa shimoni ili iyavute. Moshi wa injini hiyo una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu ashukaye huishiwa nguvu mara, akaanguka. Nduguye humwona, akashuka kumwokoa, naye akaanguka. Na wa tatu vivyo hivyo. Hivyo msiba wa mtu mmoja huwa msiba wa nyumba tatu. Wala taa ya kuteremshwa kwa kamba haitoshi kuwa kipimo, maana yaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo sumu hii yatosha kuua. Dawa yake ni kuiondoa hatari: injini isishushwe kisimani kamwe, wala isiwekwe mdomoni mwa shimo mahali ambapo moshi wake waweza kuingia. Mtu ashukaye katika shimo refu afungwe kamba mwilini, na juu wawepo watu wa kutosha kumvuta. Akianguka, avutwe kwa kamba ile. Asishuke mtu mwingine.

Pili, mashine ya kusaga. Mkanda wake uzungukao wazi hunasa kanga, shati au mkono. Mwenye mashine hubandika tangazo ukutani, kisha mtu akiumia humlaumu kwa uzembe. Lakini kibanda cha wavu au cha mabati cha kuufunika mkanda huo hulinda kila siku, hata siku ambayo mfanyakazi amechoka au mtoto ameingia pasipo kuonekana. Tangazo halina mikono ya kumzuia mtu.

Tatu, dawa za kuua wadudu. Watu wengi hudhani sumu huingia kwa mdomo na pua tu. La, nyingi hupita katika ngozi. Bomba livujalo mgongoni hulowesha shati, na shati hilo huvaliwa kutwa, kisha likachukuliwa nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za mtoto. Mtu aliyepata sumu ya namna hizi aweza kutoka jasho jingi na mate mengi, macho yakafanya ukungu, misuli ikatetemeka, na pumzi ikawa nzito. Huyo avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali upesi pamoja na kopo la dawa ili mganga aisome karatasi yake. Walakini mwajiri mwema huanza mapema. Huuliza kwanza kama dawa yahitajiwa kweli. Huchagua isiyo kali sana. Hutengeneza bomba kabla ya msimu. Hapulizi wakati wa upepo. Hawarudishi watu shambani kabla ya muda ulioandikwa koponi. Naye huweka maji na sabuni pale pale shambani. Kopo tupu hulitoboa ili lisiteke maji ya kunywa.

Hata mmea wenyewe waweza kudhuru. Wachumao tumbaku, kama ndugu zetu wa Tabora na Urambo, waweza kupata kizunguzungu na kutapika wakishika majani mabichi yenye umande, kwa sababu sumu ya tumbaku huyeyuka katika maji yale na kupenya ngozini. Kungoja majani yakauke kabla ya kuchuma si uvivu, ni busara.

Nne, jua. Hapa yafaa tukae kidogo, maana jua ni la wote. Katika El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati, wakata miwa wengi, hata vijana wasio na kisukari, wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Wataalamu walipochunguza waliona ya kuwa kazi nzito katika joto kali, pasipo maji ya kutosha wala kivuli, ni sababu mojawapo iliyo kubwa. Basi katika mavuno ya 2014 hadi 2015 kundi la wakata miwa lilipewa mifuko ya maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli la kuhamishwa, nyakati za kupumzika zilizopangwa, na mapanga yaliyo bora. Mwenye shamba angaliweza kuogopa kwamba saa za kupumzika zitampunguzia mavuno. Haikuwa hivyo. Miwa aliyoikata kila mtu kwa siku iliongezeka.

Kwetu pia miwa hukatwa, Kilombero na Kagera, na majembe hupigwa katika kila wilaya. Kibarua katika joto kali apewe maji, karibu robo lita kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Kazi nzito ifanywe alfajiri. Na mtu mgeni asipewe kazi nzima siku ya kwanza, maana mwili huzoea joto kidogo kidogo. Aanze kwa sehemu moja ya tano ya siku, akaongezewe kila siku. Wengi wanaokufa kwa joto kazini hufa siku zao za mwanzo.

Tano, mapumziko na utulivu wa moyo. Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi la Kimataifa walitangaza mwaka 2021 ya kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa 35 katika mia, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40. Tena mwili haupumziki ikiwa moyo una hofu. Mtu atukanwaye mbele ya wenzake, au asiyejua ujira wake utalipwa lini, hulala macho wazi, na kesho yake hushika panga au usukani kwa mkono usio imara. Kulipa siku iliyoahidiwa na kumwonya mtu faraghani ni kinga isiyogharimu hata senti moja.

Wala haya hayakuachwa kuwa huruma tu. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamfunga mwajiri. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na mapumziko ya dakika 60 kwa afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Mtu akiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara. Kenya ina sheria yake ya usalama kazini ya mwaka 2007, na Uganda ya mwaka 2006.

Ninyi wakubwa wa vijiji na walimu, watu huwatazama. Mwalimu afundishaye afya darasani, na huku mpishi wake akohoa katika jiko lisilo na dohani, hufundisha somo la pili kuliko la kwanza. Jengeni dohani. Nanyi wakubwa, kabla ya kumkabidhi mtu kisima achimbe, mwulizeni kwanza injini itakaa wapi.

Na kila mtu atakayeita kibarua kesho ajiulize neno moja: Je, kazi hii, kwa namna hii, ningekubali aifanye mwanangu? Ikiwa jibu ni la, basi asimtume mtoto wa mwenziwe mpaka ameitengeneza.