Samadi Iliyoiva kwa Stroberi

Wakulima wa Karatu, wazee wa Kiiraqw walijua thamani ya samadi zamani. Ng'ombe walilala nyumbani, na samadi ikaenda shambani. Leo baadhi yenu mnataka kupanda stroberi ili kuziuzia hoteli za wageni waendao Ngorongoro. Mbolea mnayo zizini, lakini yafaa iive kwanza.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Bustani yangu ya kwanza niliitia samadi iliyotoka zizini juma lile lile. Miche mingi iliungua kingo za majani, ikafa. Iliyopona ilitoa majani mengi na matunda laini, yakaota ukungu kabla ya kufika sokoni.

Kwa nini samadi mbichi ni mbaya?
Mizizi ya stroberi haiendi chini sana, nayo huunguzwa upesi na chumvi na hewa kali ya mkojo. Tena samadi mbichi ina mbegu za magugu na vijidudu vya kuharisha. Stroberi hulala karibu na udongo, na huliwa bila kupikwa wala kumenywa. Mlaji akiugua, soko limekwisha.

Jinsi ya kuivisha
1. Tandika majani makavu au mabua ya mahindi, unene wa sentimita 20.
2. Juu yake weka samadi, sentimita 10. Nyunyiza maji. Rudia mpaka rundo lifike mita moja na nusu.
3. Lifunike kwa nyasi lisipigwe na jua wala mvua.
4. Ligeuze kila baada ya majuma 3. Usitie majivu mengi, maana stroberi hupenda udongo wenye uchachu kidogo.
5. Baada ya miezi 3 hivi chomeka kijiti ndani. Kikitoka na joto, ngoja. Mbolea iliyoiva ni baridi, nyeusi, na hunuka kama udongo baada ya mvua.

Kupanda
Inua tuta sentimita 20. Changanya debe moja la mbolea kwa kila mita 4 za mraba. Panda kwa nafasi ya sentimita 30, na usifukie moyo wa mche. Tandaza majani makavu ya ngano ili tunda lisiguse udongo. Mche ukianza kuzaa, usiweke samadi juu yake tena.

Mbolea iliyo hai
Kabla ya stroberi, panda maharage au mbaazi. Vijidudu vilivyo katika vinundu vya mizizi yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Pasua kinundu: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Fukia mabaki yake shambani. Usipande stroberi palipotoka nyanya au viazi, maana huambukizana ugonjwa wa mnyauko.

Ukiuziwa mbolea ya vijidudu ya dukani, tazama tarehe yake, iweke kivulini, na uijaribu katika tuta moja kwanza. Wala msichote udongo katika msitu wa Ngorongoro. Msitu ule umehifadhiwa, nao hulinda chemchemi zetu.

Anza rundo lako leo, ndipo utafute miche. Rundo likiwa bado na joto, mwite Bwana Shamba mlitazame pamoja kabla ya kupanda.