Dondoo muhimu: Kuanza biashara ya kukarabati nyumba kwa mtaji mdogo

Anza na rangi. Brashi, rola, msasa, pasi ya kuskimu na ngazi ya kuazima vinatosha kwa kazi ya kwanza. Ukipata kazi ya vigae, mashine ya kukatia ikodi hadi kazi zizidi.

Hapa Dar es Salaam, kabla ya kutaja bei, gusa ukuta sehemu ya chini. Rangi ikivimba au kukiwa na unga mweupe, chumvi na unyevu vimeshaingia. Tafuta chanzo: bomba linalovuja, maji ya mvua yanayosimama nje, au msingi usiozuia unyevu. Ukipaka juu ya unyevu huo, rangi itabanduka na jina lako nalo. Mweleze mwenye nyumba ukweli huo hata kama atamwita fundi mwingine.

Pima, usikadirie kwa macho. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita za mraba 42 za ukuta. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni kama lita 8, ukitoa mlango na dirisha.

Vifaa anunue mteja mwenyewe, au akupe fedha zake kwanza na umrudishie risiti. Kianzio cha kazi moja kisizibe pengo la nyingine. Mafundi wengi wazuri wameangukia hapo.

TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA). Jina la biashara lisajili kwa wakala wa usajili wa biashara na leseni, BRELA.

Piga picha kabla na baada, kwa ruhusa.