Moyo Ukipiga Ovyo, Usifiche

Baba na mama, moyo ni pompi ya mwili. Kama pompi inayotoa maji shimoni, hauna siku ya kupumzika. Kwa mtu mzima aliyetulia, unapiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika, kwa mwendo mmoja. Lakini kuna mioyo inayokimbia bila sababu, inayoruka, ama inayopiga pasipo mpango.

Namna ya kuhesabu. Kaa, pumzika dakika 5. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo dakika moja nzima. Yakiwa mbio, polepole sana, ama bila mpango, uende kwa munganga. Atapima moyo kwa mashine.

Sababu ni nyingi: damu kupanda, pombe kali kama lutuku, uzee. Nyingine inaanza utotoni: ugonjwa wa koo usiotibiwa unaweza kuharibu milango ya moyo. Basi mama, mtoto akiwa na homa na koo linamuuma, usingoje.

Hatari yake. Chumba cha juu cha moyo kikitetemeka pahali pa kupiga, damu inatulia ndani na kuganda. Donge likifika kwenye ubongo, mtu anapooza upande mmoja.

Wengine wanaficha ugonjwa huu wakiogopa kuondolewa kazini. Ndugu, anayeendesha lori kubwa akizimia, haumii peke yake. Mwambie munganga kazi unayofanya. Wengi wenye ugonjwa huu wanatibiwa na wanaendelea kufanya kazi.

Ukipewa dawa, shika haya:

1. Meza kila siku kwa saa ileile. Usiache kwa kuwa unajisikia vizuri: dawa ndiyo inayokushika.

2. Ukimeza warfarini, inayozuia damu kuganda, enda kupimwa damu siku uliyopangiwa.

3. Usiongeze aspirini wala dawa ya miti bila kuuliza. Damu inaweza kutoka bila kukoma.

4. Sombe na lengalenga zinapunguza nguvu ya warfarini. Usiziache, lakini ule kiasi kilekile kila juma. Mama mpishi ajue jambo hili.

5. Punguza chumvi, acha pombe na tumbako.

Kifua kikiuma, pumzi ikikatika, mtu akizimia, mdomo ukipinda ama mkono ukilegea: hospitali mara moja, hata usiku. Usingoje kuche.

Leo jioni, bukari ikiisha kuliwa, hesabianeni mapigo nyumbani. Ni kazi ya dakika moja.