Vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora: vilikuwa jihadi?



Majuzi, baada ya darasa la alasiri hapa Ng'ambo, Tabora, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wangu aliniuliza: "Ustadhi, wale Waarabu waliouawa na Mirambo si walikufa mashahidi?" Kabla sijajibu, mwenzake akadakia: "Mashahidi gani? Mirambo ndiye aliyekuwa akiitetea nchi!" Wote wawili ni Waislamu, wote ni Wanyamwezi, na wote walikuwa wameshaanza kukunjiana nyuso kwa ajili ya vita vilivyokwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Niliwaambia wakae, tuzungumze. Niliyowaeleza ndiyo haya.

Sababu inayotajwa na sababu yenyewe

Nilianzia mbali kidogo. Huko Ugiriki ya kale, miji miwili, Athens na Sparta, ilipigana kwa miaka 27, tangu mwaka 431 hadi 404 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Jemadari mmoja wa Athens, Thucydides, ndiye aliyeandika habari za vita hivyo. Anasema kila upande ulikuwa na malalamiko yake ya hadharani: mikataba imevunjwa, wafanyabiashara wa mji wa Megara wamefungiwa bandari, na kadhalika. Lakini kwa maoni yake, sababu ya kweli haikuwa ikitajwa sana. Athens ilikuwa imekua mno, na Sparta iliogopa.

Hebu tuitumie mizani hiyo hapa kwetu.

Katikati ya karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Bidhaa zilizotoka Bagamoyo zilifika hapa, kisha njia ziligawanyika, nyingine kwenda Ujiji na nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Waarabu waliishi Unyanyembe kwa makubaliano na watemi. Wengine walioa humo humo. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira.

Baada ya Fundikira kufariki, utemi ulichukuliwa na Mnywa Sere. Huyu alidai ushuru kwa bidhaa za wafanyabiashara. Mnamo 1860 hivi, Waarabu walimwondoa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere aliingia porini na kupigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Zingatia, ndugu msomaji: ugomvi ulianza kwa ushuru. Hakuna aliyelinganiwa Uislamu akakataa.

Kisha akaja Mirambo wa Urambo, akiwa na jeshi lake la rugaruga. Njia ya Ujiji ilipita katika eneo lake, naye alitaka fungu lake. Mwaka 1871 aliifunga njia hiyo. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo akimtafuta Livingstone, ameandika kwamba Mirambo alipokea hongo ya nguo, bunduki na baruti kutoka kwa msafara mmoja, kisha akaurudisha ulikotoka.

Waarabu wakakusanya jeshi, wakashirikiana na watu wa Mkasiwa na hata Stanley mwenyewe. Mwezi wa Agosti waliteka baadhi ya ngome za Mirambo. Kijana Soud bin Sayd aliongoza kikosi kilichoshambulia Wilyankuru na kufanikiwa. Wakati wa kurudi, watu wake wakiwa wameelemewa na pembe za ndovu na mateka, Mirambo aliwavizia kwenye majani marefu. Soud aliuawa pamoja na wengi wa watu wake. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akauchoma sehemu kubwa ya mji, na Khamis bin Abdullah, aliyetoka na watu wachache kumkabili, aliuawa.

Sasa jiulize: pembe na mateka waliobebwa kutoka Wilyankuru ni dalili ya vita gani? Na tusimsafishe Mirambo pia. Rugaruga wake walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao na kuchukua mateka. Hali kadhalika, waliopigana upande wa Tabora wengi walikuwa Wanyamwezi wa Unyanyembe. Haikuwa Uislamu dhidi ya ukafiri, wala Mwafrika dhidi ya Mwarabu. Ilikuwa ni nani ashike njia, na nani ale ushuru.

Aliyevuna ni nani?

Ukihesabu tangu kuondolewa Mnywa Sere mpaka kufariki Mirambo, Disemba 1884, ni takriban miaka 24, ingawa vita vilikuwa vikitulia na kuanza tena. Baada ya kifo chake, dola yake ilisambaratika upesi. Mwaka 1890 bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipokataa kutawaliwa, Wajerumani waliivamia ngome yake, na mwezi wa Januari 1893 alijilipua kwa baruti ili asitekwe. Mirambo hakuipata njia, Waarabu hawakuipata, wala Unyanyembe. Ugiriki nako ni vivyo hivyo: Sparta ilishinda kwa fedha za Uajemi, na mwaka 338 kabla ya Nabii Isa, mfalme Philip wa Makedonia akawashinda Athens na wenzao na kuwa mkubwa wa Wagiriki.

Na Uislamu je? Uislamu wa Tabora haukuenezwa na bunduki za mwaka 1871. Umeenea kwa ndoa, ujirani, biashara na walimu waliosomesha barazani. Ukoo ule ule wa Fundikira ndio uliomtoa Chifu Abdallah Said Fundikira, Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, aliyefariki mwaka 2007 akiwa Muislamu.

Tunajifunza nini?

Katika Suratul Anfal, aya ya 46, Allah anatukataza kuzozana, na anatubainishia kwamba kuzozana huleta kushindwa na kupotea kwa nguvu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 9, tumeamrishwa kusuluhisha makundi mawili ya waumini yanapopigana, na kusuluhisha kwa uadilifu. Lakini utasuluhishaje kwa uadilifu ikiwa kinachogombewa kimefichwa?

Hapa ndipo penye maradhi yetu. Ni mara ngapi msikiti umegawanyika, huku kila upande ukisema unatetea Sunna, na ukichunguza unakuta ugomvi ni wa kodi za vyumba vya maduka ya wakfu? Tukisema ukweli kuwa ni hesabu za fedha, suluhu yake ni nyepesi: vitabu vya hesabu vifunguliwe mbele ya waumini. Tukiuvisha ugomvi huo kanzu ya dini, kila anayetaka suluhu ataitwa msaliti, na kazi itabaki kusubiri atakayekuja kutuvuna wote.

Wale vijana wawili niliwaacha na kazi moja. Kila mtu akamwulize mzee wa kwao: familia yetu ilipoteza nini katika vita vile? Wiki ijayo watasoma majibu yao mbele ya darasa, kila mmoja akisoma ya mwenzake.

Wabillahi tawfiq.